Maswali ya Wasomaji: Pinboli ya Atlantis Isiyoanza Mchezo

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam aleikum. Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia, alituachia mashine ya pinboli (mchezo wa kupiga mpira wa chuma ndani ya meza yenye kioo) iitwayo Atlantis, iliyotengenezwa na kampuni ya Gottlieb ya Chicago mwaka 1975. Nikibonyeza kitufe cha kuanzia, mota huzunguka ndani bila kukoma na mpira hautoki. Fundi mmoja amenishauri niondoe nyaya zote nitie bodi ya kompyuta. Je, nimkubalie?
Msomaji, Kizingo, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Tunakusihi usimkubalie. Mashine yako ni ya miaka ya mwisho ya ufundi wa pinboli zisizo na elektroniki, kwani mwaka 1977 Gottlieb wenyewe walianza kutumia elektroniki katika Cleopatra, na ukishang'oa nyaya zake hutabaki na chochote ila sanduku lenye picha.

Hesabu zote humo hufanywa na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), koili (nyaya zilizosokotwa ziwe sumaku) na magurudumu ya namba yanayoonyesha alama za mchezaji. Mchezo mpya unapoanza, mota huyapelekea magurudumu mipigo ya umeme mpaka kila moja lifike sifuri, ambapo swichi yake hukata mipigo hiyo. Gurudumu likinata kwa grisi iliyoganda, au pointi za swichi, yaani ncha za chuma zinazogusana, zikichafuka au kupinda, sifuri haifikiwi au haitambuliwi, na mota huendelea kuzunguka kama unavyoeleza. Kwa hewa yetu ya chumvi, hilo si la kushangaza.

Chomoa plagi, kisha usukume kila gurudumu kwa kidole, hatua kwa hatua. Lililo zito lifungue, ulisafishe kwa spiriti mpaka grisi ya zamani itoke yote. Pointi zisugue taratibu kwa tupa laini sana. Usitumie msasa, wala usipulizie mafuta, kwa sababu hunasa vumbi na penye cheche yanaweza kuwaka.

Soma pia kibandiko cha umeme. Ikiwa kimeandikwa volti 120, mashine inahitaji transfoma ya kushusha volti 240 za kwetu. Na kwa kuwa umeme wa Marekani ni hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) na wetu ni 50, mota itazunguka polepole kidogo na transfoma ya ndani itapata joto zaidi, hivyo usiiache ikiwaka kutwa.

Kioo cha mbele, chenye mchoro wa msanii Gordon Morison wa Atlantis, kisiwa kilichosimuliwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kimepakwa rangi upande wa nyuma. Upande huo usiguswe kwa kitambaa chenye maji, maana rangi ikishabanduka hairudi.