Wakili kachukua hela, kesi ya talaka haiendi: yaliyonikuta mimi hapa Mbeya

Dada wa Iringa, nimesoma ulichoandika. Milioni moja na nusu umeshampa wakili wa talaka yako, miezi kumi na moja imepita, simu hapokei, na unauliza umshitaki wapi akurudishie hela yote. Pole sana. Ila kabla hujaenda popote, kaitafute hati mliyopewa na baraza la usuluhishi, uangalie tarehe yake. Hayo mengine nitakueleza, lakini hiyo tarehe kwanza.

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Mwaka 2022 nilipochoka na ndoa nilipitia usuluhishi wa baraza la kata kama sheria inavyotaka. Mume aliitwa mara mbili hakutokea, ya tatu akaja kutukana wazee. Baraza likaandika kwamba limeshindwa kutupatanisha, nikapewa hati. Nikaipeleka kwa wakili mmoja hapa mjini pamoja na laki saba, kati ya milioni moja na laki mbili tuliyokubaliana kwa mdomo. Akanambia, "Mama, nenda kafanye biashara yako, hii niachie mimi." Nikaenda. Ulikuwa msimu wa mavuno, magari ya kutoka Usangu na Kyela yanashusha usiku kucha, hata muda wa kumfuatilia sikuwa nao.

Alifungua shauri mwezi wa nane tangu nipewe hati. Wakili wa mume akasimama na pingamizi la awali: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hati ya baraza iwe haijazidi miezi sita siku unapopeleka ombi la talaka. Hakimu hakuzungusha maneno, shauri likaondolewa. Pale nje wakili wangu ananipigapiga bega, "ni utaratibu tu mama, tutarudi", halafu anataka laki tatu nyingine za kufungua upya! Yaani hati imelala kwenye droo yake, na kuiamsha nilipie mimi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilichanganya vitu viwili, bei na uzembe. Kila niliyemlalamikia nilimwambia "kanila hela", na kila mmoja akauliza mkataba uko wapi. Mkataba sina. Risiti sina. Nilikuwa na meseji za M-Pesa tu. Zipo kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015, lakini utabishana nini juu ya ada wakati hata orodha ya kazi alizotakiwa kufanya hamkuiandika? Kusema kweli milioni moja na laki mbili haikuwa bei mbaya. Kilichoniumiza ni ile miezi minane, na miezi minane ilikuwa na ushahidi: tarehe ya hati, tarehe ya muamala, na tarehe ya mhuri wa mahakama. Nilipoacha kulia hela nikaanza kuonyesha tarehe, watu walinisikiliza.

Nikamwandikia barua, ukurasa mmoja, nikidai jalada langu na maelezo ya laki saba imefanya nini. Nakala nikabaki nayo, imesainiwa na karani wake kwamba kaipokea. Wiki mbili kimya. Nikapeleka malalamiko kwa chama cha mawakili, TLS, nikiambatanisha zile tarehe tatu. Nilishajiandaa pia kwenda Kamati ya Mawakili, ile yenye uwezo wa kumsimamisha wakili au kumfuta kabisa, ila huko unaandaa kiapo na vielelezo. Sikufika. Alinipigia mwenyewe, safari hii akaniita "dada yangu", akarudisha laki nne na jalada. Zile tatu nilimwachia, alishaandika ombi la talaka na kusimama mahakamani mara mbili. Wengine wataniita mjinga. Sawa.

Lakini wewe kwanza hakikisha kama ni wakili kweli. Jina lake litafute kwenye mfumo wa mahakama wa e-Wakili. Vishoka, yaani mawakili feki, ni wengi, na kishoka hapelekwi TLS, anapelekwa polisi.

Na hilo la kwamba alikuahidi nusu ya nyumba na shamba, hata wangu aliniahidi. Sheria haisemi nusu. Kifungu cha 114 cha hiyo hiyo Sheria ya Ndoa kinaangalia kila mtu alichangia nini. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango, na mawakili wanapenda sana kuitaja kesi hiyo. Wasichokwambia ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila kuongezewa kitu, maana mume alishampa hela ya kujenga nyumba yake, naye Bi Hawa akaitumia vingine. Kwa hiyo kama mahakama itakupa theluthi, hapo usimlaumu wakili kwa hukumu, mlaumu kwa ahadi.

Na mimi nina langu. Nilikuwa nampigia saa nne usiku kumweleza mume kaja na nani, kasema nini. Wakili si shangazi. Nadhani ndipo alipoanza kutopokea simu, ingawa hiyo haimpi ruhusa ya kulalia hati.

Mwisho wa yote nilirudi baraza la kata kuanza upya, nikapata hati mpya, na safari hii nikaenda mwenyewe mahakama ya mwanzo, wiki ya pili tu. Nao wana mamlaka ya kuvunja ndoa, na mambo yote ni Kiswahili. Nilibeba daftari la biashara, risiti za saruji na bati, na jirani wa Uyole aliyeona nikisomba maji wakati wa ujenzi. Hakimu aliuliza maswali mengi kuhusu lile daftari kuliko kuhusu ugomvi wetu. Talaka nimepata, na sehemu ya nyumba nimepata, si nusu.

Haya, hati yako ni ya tarehe ngapi? Kama miezi sita haijaisha andika hapa leo leo, maana unaweza kuliwahi shauri kwanza, ugomvi na wakili ukafuata.