Ubaridi wa Mwanza una saa zake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mtu asiye na oveni awaandalie wageni wa sikukuu kitamu gani cha nyumbani?" Jibu langu ni vitonge vya biskuti vilivyochovywa kwenye chokoleti, ambavyo wapishi wa mtandaoni wanaviita trufeli. Nadhani wasomaji wengi watawaandikia hivyohivyo, kwa hiyo sitapoteza nafasi kuwashawishi kwamba ni rahisi. Ni rahisi. Ila maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yametoka kwa watu wenye friji kubwa, umeme wa uhakika na nyumba zisizojua joto la bati. Yafuate neno kwa neno hapa Mwanza, saa nane mchana wa mwezi wa kumi, uone chokoleti itakavyotuama kwenye sinia na kuacha vitonge uchi. Huku kwetu oveni haitusumbui, kinachotusumbua ni ubaridi. Nao tunao, ila una saa zake.

Oveni niimalize haraka. Biskuti zilishaokwa kiwandani, wewe unazisaga na kuziunganisha upya, basi. Ndiyo maana kuchagua biskuti ni nusu ya kazi. Mapishi ya Marekani hutumia Oreo, biskuti iliyoanza kutengenezwa New York mwaka 1912, pakiti ya gramu 400 hivi kwa gramu 225 za jibini laini ya kupaka. Mimi natumia biskuti za Mari, zile za duara, kavu, zisizo na krimu. Hazina sukari nyingi, zinasagika kama unavyotaka, na zipo hadi kwenye duka la mtaani. Zenyewe zilianza London mwaka 1874, kwa heshima ya harusi ya Maria, binti wa mfalme wa Urusi, aliyeolewa na mtoto wa Malkia Victoria. Ni Victoria huyohuyo ambaye Mwingereza Speke alilibandika ziwa letu jina lake mwaka 1858, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Basi ukila biskuti ya Mari ufukweni Kirumba, ujue unakula masalia ya harusi ya mkwe wake.

Jibini laini ndiyo ninayoikataa kabisa, na sababu si bei tu, ingawa bei nayo inauma. Jibini hiyo ni bidhaa ya friji mwanzo hadi mwisho. Kitonge kilichotengenezwa nayo hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na siku ya sikukuu sinia linakaa mezani tangu watu watoke kuswali au kanisani hadi jioni. Nani atasimama na saa mkononi? Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanafanya kazi ileile ya kushikanisha, na yana historia inayotufaa zaidi: Mmarekani Gail Borden aliyapatia hataza mwaka 1856, wakati majumbani hakuna friji, kwa lengo hasa la kuyafanya maziwa yasiharibike. Sukari yake ni nyingi kiasi kwamba bakteria hawapati maji ya kutumia. Vitonge vya maziwa hayo vikifunikwa vizuri na kuwekwa mahali pasipo joto vinakaa siku tatu nne bila wasiwasi.

Kipimo changu ni hiki. Gramu 250 za biskuti, vijiko vitatu vya chakula vya kakao, kikombe kimoja cha karanga za kukaanga zilizopondwa au nazi kavu ya pakiti, chumvi ya kuchota kwa vidole viwili, na kopo moja la maziwa. Kakao iwe tupu, chungu. Ile ya kunywa imeshatiwa sukari, na ukijumlisha na sukari ya kopo utapata kitu ambacho hata watoto watakiacha katikati. Saga biskuti kwenye kinu, au zitie kwenye mfuko safi uzipitishie mti wa kusukumia chapati. Kinu kiwe hakijatwangiwa vitunguu saumu wiki hiyo. Usizisage zote zikawa unga. Chembe ndogondogo zilizobaki ndizo zinazokupa kitu cha kutafuna. Changanya vikavu vyote kwanza, ukiichekecha kakao maana hupenda kufanya madonge, kisha mimina nusu kopo ya maziwa na uanze kukanda.

Hapo wengi hukosa subira. Mchanganyiko unaonekana umelegea, mtu anaongeza biskuti. Au unaonekana mkavu, anamalizia kopo lote. Uache kwanza, ufunikwe, ukae nusu saa. Biskuti hunywa maziwa polepole na mchanganyiko unakaza wenyewe. Baada ya hapo ndipo uongeze maziwa kijiko kimoja kimoja, mpaka ukifinya tonge mkononi lishikane bila kukuachia utelezi. Wifi yangu alinikuta siku moja nakanda sufuria zima, akachungulia, akasema, "Wifi, hapo bado mboga tu." Na kweli, aliyezoea kusonga ugali wa kushiba hafundishwi ugumu unaotakiwa. Paka viganja mafuta kidogo, viringisha vitonge vya kumalizika kwa kung'ata mara mbili. Utapata thelathini hivi.

Sasa chokoleti, kwenye shida yenyewe. Siagi ya kakao, yaani mafuta yaliyomo ndani ya chokoleti halisi, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mwili wa binadamu una 37, ndiyo maana chokoleti inayeyuka ulimini bila kutafunwa, na ndiyo maana jikoni penye jiko la mkaa na bati la mchana haitaki kuganda. Hata ukiilazimisha igande, chokoleti halisi iliyoyeyushwa ovyo na kuachwa ipoe yenyewe hutoka na mabaka meupe. Si ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu. Inalika, lakini mgeni hajui hilo na hutaanza kumhutubia. Wapishi wa mahoteli huipasha na kuipoza kwa vipimo ili ing'ae. Sisi wa nyumbani tununue ile ya kupambia keki, ambayo badala ya siagi ya kakao imetiwa mafuta mengine ya mimea. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, na ukisoma viungo nyuma ya pakiti utaijua. Wajuzi wa chokoleti wataikunjia uso. Waikunjie; inaganda bila madoido na haidai kipimajoto. (Kakao yenyewe tunailima wenyewe, Kyela, mkoani Mbeya, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa mbegu. Tunarudishiwa ikiwa kwenye karatasi ya kung'aa. Lakini hilo ni swali la wiki nyingine.)

Kuyeyusha: chemsha maji kidogo kwenye sufuria, epua, kisha weka juu yake bakuli lenye chokoleti iliyokatwakatwa, tako la bakuli lisiguse maji. Koroga kwa kijiko kikavu. Nasema kikavu kwa sababu matone machache tu ya maji, hata ya mvuke uliogandia kwenye mfuniko, yanaifanya chokoleti ikakamae na kuwa chembechembe. Ikikuharibikia hivyo usiikimbilie na maji au maziwa ukitumaini italainika iwe ya kuchovya. Itumie kuchemshia maziwa ya watoto, uanze nyingine. Ikiwa nzito tu, tia mafuta, kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 200. Mafuta ya alizeti yanafaa, ila ganda litabaki laini kidogo. Ya nazi ni bora kwa sababu yenyewe huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24.

Namba hiyo ya 24 ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku, miezi mingi ya mwaka, joto linashuka chini ya nyuzi 20. Ndugu zetu wa Dar es Salaam hawana bahati hiyo. Kwa hiyo vitonge viringisha mchana ukipenda, lakini kuchovya iwe usiku, baada ya chakula, jiko limeshapoa na vyombo vimeoshwa. Chovya kwa uma, gonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili chokoleti ya ziada idondoke, panga kwenye sinia lililotandikwa karatasi. Vikishaanza kukaza, peleka sinia penye upepo, dirishani au sebuleni, na kufikia alfajiri ganda litakuwa limekaza. Viweke kwenye chombo chenye mfuniko kabla jua halijapiga bati. Huna haja ya friji, na umeme ukikatika usiku huo hautakuwa umekukatia chochote.

Usiku una wageni wake, bila shaka. Sisimizi kwanza: weka beseni la maji, katikati tia bakuli lililogeuzwa, juu yake sinia. Halafu wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Hawaumi, lakini hufuata taa kwa maelfu, na chokoleti mbichi inawanasa wote. Zima taa ya chumba hicho na funika kwa kawa. Kitambaa kikilalia vitonge kitaondoka na ganda lao.

Wenye friji wasidhani nimewasahau. Friji ya Mwanza ina sato ndani, au sangara, au dagaa waliofungwa kwenye mfuko wa jana, na mafuta yote, ya siagi na ya chokoleti, hunyonya harufu. Kitonge kilicholala wazi jirani na dagaa kitakuwa na ladha ya soko la samaki la Mwaloni. Tumia chombo kinachobana, na usiku mmoja kabla hamishia samaki kwenye droo ya chini au kwenye friza. Ukitoa chombo, usikifungue papo hapo. Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu, na kitu baridi kikikutana nayo kinatoka jasho. Maji hayo yakikauka yanaiacha chokoleti na ngozi ya sukari iliyokwaruza. Kiache kimefungwa robo saa kipoteze ubaridi.

Na asiye na friji wala nafasi ya usiku aachane na chokoleti ya kuchovya. Nasema hivi bila kumhurumia, kwa sababu mimi mwenyewe navipenda zaidi vitonge vilivyoviringishwa kwenye kitu kikavu: kakao tupu, ufuta uliokaangwa hadi ukaanza kuruka, au karanga zilizopondwa. Havinati mkononi, havichafui nguo za sikukuu, na uchungu wa kakao unapunguza utamu wa kopo. Sisi tuliokulia kanda hii kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga tunaijua ladha hiyo tangu utotoni. Kwa futari, acha biskuti na kopo kabisa: tende zilizotolewa kokwa, karanga, kinu, ufuta juu. Hakuna cha kuganda wala kuyeyuka.

Karanga nazo zichaguliwe kwa macho kabla ya kukaangwa. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu ni za kutupa, kwani huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa kikaango. Karanga zilizosagwa tayari siwezi kuzichagua, kwa hiyo sizinunui kwa kazi hii. Vilevile kuna mapishi ya vitonge vya unga wa ngano mbichi, eti ladha ya biskuti kabla ya kuokwa. Unga ni nafaka mbichi na unaweza kubeba vijidudu vya tumbo. Sioni sababu ya kujitafutia hilo wakati biskuti iliyoiva ipo dukani.

Kwa vitonge vya kupeleka kwa watu, uliza kwanza kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, na ukiwa huna uhakika tumia nazi. Vya kwenda Sengerema havinipi tena presha tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, maana zamani kifurushi kilisubiri kivuko juani hadi chokoleti ikakata tamaa. Ukerewe bado ni safari ya saa kadhaa majini. Dada yangu aliyeolewa Nansio namtumia vya ufuta vikiwa tayari, na vingine namtumia vitupu, na pakiti ya chokoleti pembeni haijafunguliwa. Usiku wa huko nao una ubaridi wake, atachovya mwenyewe.

Msomaji wenu, Nyegezi, Mwanza