Kilo zangu si kilo zako: mkanda wa risasi au jaketi lenye mifuko?

Juzi msomaji mmoja wa Mikocheni kaniandikia: "Kaka, nimemaliza kozi ya kuzamia, sasa nataka vifaa vyangu mwenyewe. Nichukue mkanda wa risasi au jaketi lenye mifuko ya risasi? Nataka kitu cha kudumu." Kwa mliofika leo, kuzamia tunakozungumzia hapa ni kwa mtungi wa hewa mgongoni. Risasi si za bunduki, ni vipande vizito vya kukusaidia uzame, na jaketi ni lile la kujaza na kutoa hewa ukiwa majini. Wa kuzamia meli za Durban na wa kuzamia harusi za watu, nyie mna mabingwa wenu.

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, ila amegusa kidonda.

Mara yangu ya kwanza baharini baada ya bwawa ilikuwa Bongoyo, kisiwa cha hapa Dar. Kijana wa vifaa alinitazama kuanzia usoni, macho yakatua kitambini, yakabaki hapo hapo. "Bosi, wewe mwili unao, vaa kumi." Kilo kumi! Akazipitisha zile risasi kwenye mkanda moja moja kama mtu anayetunga mishikaki, akanifunga, akanipiga begani. Nahodha wa boti, mzee wa watu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa bosi, hilo chubwi unavulia samaki gani?"

Nikashuka kama chubwi kweli. Nikatua mchangani kwa magoti, vumbi likatimka, wenzangu hawaoni kitu. Nikajaza hewa kwenye jaketi ili niinuke, nikainuka kupita kiasi. Nikatoa hewa, nikarudi chini. Katika kupapatika huko nikashika tawi la tumbawe, likakatika mkononi, ndani jeupe kama nazi. Bongoyo ni hifadhi tangu mwaka 1975. Matumbawe yetu yamekula baruti za wavuvi miaka nenda rudi, na yaliyopona yanakuja kumaliziwa na mimi, mhasibu wa Sinza. Dakika 22 tu mtungi wangu hoi, wenzangu hata nusu hawajafika. Kwenye boti walinicheka mpaka tunafika Slipway. Mmoja akasema labda nijaribu gofu. Sijasahau, na najua anasoma hapa.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kitambi kilisingiziwa. Mafuta yanaelea, ndiyo, lakini kilichokuwa kikinielesha zaidi ni woga. Mtu mwenye hofu anavuta pumzi na hazitoi zote. Ukibaki na lita tatu za ziada kifuani, umevaa boya la kilo tatu, na hakuna aliyeliona. Kijana wa vifaa akaliona tumbo, akatibu tumbo.

Kwa hiyo kabla ya mkanda au mifuko, jua kilo zako. Simama majini wima, jaketi halina hewa, pumua kawaida kisha shikilia pumzi hiyo. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Fanya hivyo mtungi ukiwa umebaki na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), yaani karibu kuisha, kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wa aluminiamu tunaokodi hapa mjini, ukianza umejaa na kumaliza karibu mtupu, unapungua kilo mbili na kitu, na mwishoni unataka kuelea wenyewe. Ukipimia mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo mbili. Na vipimo vya bwawani viache bwawani, maji ya chumvi yanabeba zaidi.

Haya, mkanda. Nilinunua wangu nikijiona mwanaume. Una raha zake: rahisi, unaubeba peke yake mtungi ukiwa umeshatangulia botini (maji yakipwa na boti iko mbali, utanishukuru), na kwa dharura unafungua bizimu kwa mkono wa kulia, unautupa. Shida ni kwamba mkanda unataka kiuno. Mita kumi tu chini, mgandamizo ni mara mbili ya juu, suti ya mpira inasinyaa, na mkanda uliokubana botini unalegea. Wangu uliteleza chini ya tumbo, ukapita mapajani, nikaudaka kwa magoti. Nilibaki nimebana magoti kama mtu anayetafuta choo Kariakoo, mpaka kiongozi akaja kunifunga upya. Ungenitoka ningepaa kama kizibo, na ukipaa umeshikilia pumzi mapafu yanaweza kupasuka. Kaza tena ukishafika chini. Nimesema? Nasema tena: kaza ukishafika chini.

Nikahamia jaketi la mifuko, nikiamini matatizo yamekwisha. Siku ya pili tu, mfuko mmoja sikuusikia ukilia "klik", nikajibwaga kinyumenyume kutoka botini, kilo tatu zikaenda zake. Nikabaki nimelalia ubavu kama dau lililoingiwa maji. Mfuko hatukuuona, na bei yake siitaji, mke wangu naye anasoma hapa.

Leo navaa sita, si kumi. Mbili kila mfuko wa mbele, hizo nne naweza kuzitupa, na moja moja kwenye vimifuko vya nyuma karibu na mtungi, ili miguu isining'inie. Mkanda ulikuwa unavuta nyonga chini, nasimama majini kama mlingoti. Jumapili iliyopita, kisiwa cha Mbudya, kaskazi imetulia na maji yanaonyesha, nilikaa mita tano kwa dakika tatu, kile kituo cha usalama kabla ya kupanda juu, mtungi una bar 50, jaketi halina hewa, sishiki kamba, sipigi pezi. Kiongozi alinionyesha "sawa" kwa vidole. Yule wa gofu alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, tatizo letu ni kuazima. Tunaazima vipimo vya ndoa, vya biashara, vya mwili. Mwenzako anavaa nne, nawe unataka nne ili usichekwe, huku suti yake ni nyembamba na yako nene, inayoelea zaidi. Mwingine kavaa nane miaka kumi kwa sababu aliambiwa nane siku ya kwanza. Pima. Ukibadili suti, pima tena. Ukinenepa Ramadhani, maana wapo tunaonenepa Ramadhani, pima tena.

Kaka wa Mikocheni, kama una kiuno, anza na mkanda, hela iliyobaki nunua miwani nzuri. Kama umeumbwa kama mimi, mifuko, na usikilize "klik". Ule mkanda wangu bado ninao stoo, bizimu limeanza kutu kidogo upande mmoja ila linafunga. Jumapili njoo tuupime, ukikukaa uchukue.