Jibu: Kubadilisha vidhibiti vya zamani bila kusimamisha kiwanda

Habari ndugu. Umeuliza kama vidhibiti vya zamani (kompyuta zinazoendesha mitambo) vya kiwanda cha kusafisha mafuta vinaweza kubadilishwa uzalishaji ukiendelea, au ni lazima kusubiri matengenezo makubwa.

Kagua kwanza kama michoro ya nyaya inalingana na kilichopo, kwa sababu katika mitambo niliyoishughulikia hitilafu nyingi zilitokana na marekebisho ya zamani ambayo hayakuandikwa popote, wala si vifaa vipya. Kompyuta za waendeshaji zinaweza kutangulia kubadilishwa. Vihisi, yaani vifaa vya kupimia, vinavyotuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20 kwa kawaida hubaki mahali pake: huhamishiwa kwenye kidhibiti kipya kimoja kimoja, huku mwendeshaji akisimama kwenye valvu ya pembeni kushikilia mtiririko kwa mkono, kisha kila mzunguko hupimwa kuanzia kwenye kihisi hadi kwenye skrini. Vidhibiti vya tanuri ningeviacha hadi mtambo usimame, hata meneja akiharakisha.

Mfumo wa usalama unaozima mtambo ubaki peke yake, ukifuata IEC 61511, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama ya viwanda kama hivi. Usikubali uchanganywe na udhibiti wa kawaida kwa kisingizio cha kupunguza gharama. Hukutaja aina ya vidhibiti ulivyo navyo, na hilo ndilo litakaloamua kama programu yake inaweza kuhamishwa au itaandikwa upya.