Kabla ya kwenda Upanga, kaa na bibi

Wewe unayeanza leo kumtafuta babu aliyekuwa askari enzi za Mjerumani, usikimbilie Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam. Kaa kwanza na wazee, uandike maneno yao kama yanavyotoka kinywani. Usiyasahihishe.

Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima. Nyumbani kwetu Ilala, bibi humtaja babu yake kwa kumwita Babu Shaushi, nami nikapekua makaratasi nikimtafuta mtu wa jina hilo. Siku moja, anachambua mchele, bibi akasema, "Kabla hajawa shaushi alikuwa ombasha." Nikaduwaa. Kumbe shaushi ni cheo! Vyeo hivyo vilikuja na askari Wasudani ambao kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889 ili kupigana na Abushiri, aliyewapinga Wajerumani huko pwani, na jeshi la Mjerumani likaendelea kuvitumia: ombasha (koplo), shaushi (sajini), soli (sajini meja), efendi (ofisa). Ukisikia neno geni limegandana na jina la mzee wako, uliza tena.

Jina lenyewe tulilikuta ndani ya msahafu wa zamani. Kingo zimeliwa na mchwa na wino umegeuka kahawia, lakini kwenye ukurasa wa kwanza kuna kuzaliwa kwa baba yake bibi, kwa herufi za Kiarabu: fulani bin fulani, Rajabu 1309. Mjomba akajumlisha 622, mwaka ambao hesabu ya Hijria inaanzia, akapata 1931, akasema aliyeandika kakosea. Hakukosea. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, kwa hiyo hesabu ya kujumlisha tu haitoki. Mwaka 1309 ulianza Agosti 1891, na Rajabu yake inaangukia Februari 1892.

Na Agosti hiyo ya 1891 ndipo Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani lililoongozwa na Zelewski kule Lugalo, Iringa. Nilipomsomea bibi tarehe hizo mbili, akakumbuka kisa cha utotoni: nyanya yake aliwekwa eda akiwa na mimba, maana habari zilisema mumewe kafia Uhehe. Kisha siku moja mume akatokea mlangoni, kwa miguu. Miaka yote hiyo bibi hakuwahi kukisimulia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Jiandae pia kwa machungu. Jeshi lile lilichoma vijiji na kunyang'anya watu vyakula. Usiyafute hayo kwenye daftari lako ili babu apendeze.

Msahafu usiulazimishe kufunguka. Piga picha mchana, karibu na dirisha, na aushike mwenye udhu. Ukishapata jina, mwaka na cheo, sasa nenda Upanga kwenye mafaili ya Kijerumani. Karani wao aliandika kwa masikio ya kwao: Juma yuko kwenye D, Dschuma, Yusufu kwenye J, Jusuf, shaushi ni Schausch. Andika tahajia zote kwenye karatasi moja, uende nayo mkononi.