Muulize Bi Kitabu: Pacha hakutajwa popote, halafu ndo muuaji?

Mwezi huu barua karibu zote ni za mambo ya kutisha, sijui ni hizi mvua au ni likizo ya skuli, ila watoto wanasoma na mimi nafurahi. Nimechagua nne.

Asalaam alaykum Bi Kitabu. Mwanangu wa kike ana miaka 14, shoga yake kampa vitabu vya mtumba vya Kiingereza vya kutisha, anasoma usiku mpaka amalize, halafu chooni haendi peke yake mpaka amwamshe mdogo wake. Baba yake anasema vichomwe moto. Nifanyeje? (Mama Nasra, Mpendae)

Waalaykum salaam Mama Nasra. Kwanza mwambie Baba Nasra aweke kiberiti chini. Halafu angalia jalada, mana vitabu hivi havilingani. Huyu R.L. Stine wa Marekani, ambae kwenye mtumba humkosi, ana mfululizo wa Goosebumps ulioanza 1992, huo ni wa watoto wadogo, mazimwi yamo lakini mtu hafi. Ana na mwengine unaitwa Fear Street, ulianza 1989, huo ndo wa vijana, humo watu wanakufa kweli na muuaji mara nyingi anatoka humo humo kwenye kundi la marafiki. Kwa miaka 14 huo wa pili anauweza, si saa sita za usiku tu.

Na kwa nini hakiachi mpaka amalize? Tazama sura zinavoishia. Msichana kasimama kizani, mkono unamshika bega, sura imekwisha. Unafungua ya pili, kumbe ni kaka yake anamtania. Sura inayofuata hivo hivo, sauti dirishani, kumbe paka. Kila sura inaishia pale ambapo huwezi kukifunga kitabu, ndo kazi yake hiyo. Sasa mwambie Nasra asiachie mwisho wa sura, aachie katikati, pale watu wanapokula au wanapogombana kwa mambo ya skuli, ataona usingizi unamjia vizuri. Na wewe mwenyewe soma kimoja, hata kwa kuruka ruka, mtapata la kuzungumza mkichambua mchele. Hilo la chooni litapita, sisi tumelazwa na hadithi za vibwengo miaka yote na mbona tumeolewa. Ila ukiona halali kabisa, au anaota anapiga kelele, basi vitabu vipumzike kwanza mpaka atulie, bila ya kumgombeza.

Bi Kitabu shikamoo. Niko kidato cha tatu, naandika riwaya ya kutisha kwenye daftari. Wasichana wa dakhalia wanapotea mmoja mmoja na mwisho tunajua muuaji ni pacha wa matroni. Rafiki zangu wamesoma wanasema nimewadanganya. Si ndo twisti yenyewe hiyo? Kurasa za mwanzo nimeziambatanisha. (Kijana wa Wete)

Marhaba mwanangu. Nimezisoma zote, na rafiki zako wana haki. Kushtuka wameshtuka, lakini wameshtuka kama mtu aliekuwa anacheza bao halafu mwenzake akatoa kete mfukoni. Pacha huyo hatajwi hata mara moja mpaka mwisho! Hakuna picha ukutani, hakuna barua, hakuna mtu aliesema "matroni nilimuona sokoni" na matroni mwenyewe siku hiyo hajatoka. Msomaji angejuaje?

Mzozo huu si mpya. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambae na yeye alikuwa akitunga riwaya za upelelezi, aliandika kanuni 10 za kuchezeana haki na msomaji. Mojawapo inasema mapacha wasitokee ila msomaji awe ameshatayarishwa. Nyengine inasema mkosaji lazima awe ametajwa mapema kwenye hadithi. Iko na ya vyumba vya siri, kisizidi kimoja. Wewe una viwili, nimeviona, kimoja chini ya jiko na kimoja nyuma ya kabati la nguo, sasa sijui dakhalia hiyo ilijengwa na nani. Knox alikataza na mizuka kabisa, hiyo we iache, yeye alikuwa anasemea upelelezi na wewe unaandika kitisho, mizuka yako halali.

Sasa cha kufanya. Usimtoe pacha, mpande. Mtu akishajua mwisho arudi kurasa za mwanzo akute ulimwambia mbele ya macho yake na yeye akapita. Na unapoficha, ficha kwenye kitu cha kawaida ambacho kila mtu anakiona. Nikupe mfano mmoja. Kwenye kurasa zako wasichana wanalala kwenye vyumba vyenye mapazia mekundu na nje theluji inaanguka, mwanangu, theluji Wete? Toa hiyo. Weka vyandarua. Usiku vyandarua vyote vimeshushwa na kuchomekwa chini ya godoro, aliemo ndani unamuona kivuli tu. Matroni anapita na tochi anaita majina. Andika hivi, bila kelele: "Alipita kwenye vyandarua vinane, akaitikiwa mara tisa, akazima taa akaenda zake." Basi, usiongeze neno, sentensi inayofuata iwe ya mtu anaetafuta kandambili zake. Wasomaji karibu wote watapita bila kuhesabu. Mbele huko wakijua kuna aliekuwa haonekani, wataivamia ile sentensi wenyewe.

Jengine, una twisti nyingi mno. Pacha, halafu mwalimu mkuu kumbe mzuka, halafu kumbe yote alikuwa anaota. Hiyo ya ndoto ifute leo leo, inaua kila kitu ulichokijenga, mana msomaji aliogopa na watu na wewe unamwambia watu hao hawakuwapo. Mgeuko wa pili uzidishe nguvu ya wa kwanza, usiufute. Mfano, tushajua ni pacha, sawa, kisha tunagundua rafiki kipenzi wa msichana wako alikuwa anajua tangu mwanzo na akanyamaza kwa sababu aliahidiwa kitu. Hapo unaogopa upya na hujaongeza zimwi hata moja.

Nitumie tena ukishaandika upya. Hati yako nzuri, hilo nilisahau kusema.

Dada, nataka kuandika riwaya ya kutisha ya vijana lakini kwetu hakuna majumba ya Kizungu wala misitu ya mbwa mwitu. Nitie popobawa, lile jini la usiku? (F., Michenzani)

Giza unalo dada. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila ya umeme kutoka bara, alienacho kawasha jenereta, asienacho kawasha kibatari. Kijana wa miaka 15 kwenye ghorofa za hapo hapo Michenzani, ngazi nyeusi tititi, anapanda na ndoo ya maji, kila akifika ghorofa nyengine anasikia jenereta la chini linanguruma, halafu linanyamaza. Yani mimi hapo nishaacha kupanda.

Popobawa anafaa ila uwe mwangalifu nae. Wengi wanamuandika kama dude la mbawa tu. Wasome yaliyotokea 1995, hofu ilianzia Pemba ikavuka ikaja Unguja, watu wakawa wanalala nje mbele ya nyumba, makundi kwa makundi, wamewasha moto, wanakesha. Na katika hofu hiyo hapa Unguja kijana mgonjwa wa akili, aliekuja kutafuta matibabu, akauliwa na watu waliodhani ndie popobawa. Kwangu mimi kitisho ni hicho. Msomaji wako mfanye atazame juu muda wote anasubiri mbawa, kumbe hatari imekaa nae kwenye moto, na pengine mhusika wako mwenyewe ndie alienyanyua jiwe la kwanza. Ila majina na familia za watu wa kweli usiyaguse, tunga wako, na mambo mengine yanayosemwa kuhusu huyo popobawa yaache, unawaandikia watoto wa skuli.

Na kama unataka mbawa za kweli, mpeleke mhusika wako Pemba, Kidike, akawaone popo wa Pemba jioni wanaporuka kwenda kula. Popo hao dunia nzima wako Pemba tu, akitandaza mbawa anapita mita moja na nusu, na anakula matunda maskini ya Mungu wala hana habari na mtu. Mshuku asiekuwa na kosa, unamuona huyo?

Bi Kitabu nimepata Mzimu wa Watu wa Kale kwa mjomba lakini kurasa za mwisho zimechanika. Naomba uniambie muuaji nani, siwezi kulala. (Kiembe Samaki)

Sikwambii. Kitabu hicho kilitoka 1960, na Muhammed Said Abdulla alikipatia tunzo ya kwanza ya mashindano ya hadithi hata kabla hakijachapwa, sasa mimi nije nikiue kwenye gazeti? Nenda maktaba uulize nakala nyengine. Na ukiipata usikimbilie hizo zilizochanika, rudi pale maiti ilipoonekana kwenye mzimu, yani pale pahala pa matambiko, na kila mtu akawa na lake la kusema. Soma walisema nini, na nani alisema kabla hajaulizwa. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, hana alichokiona ambacho wewe hukuonyeshwa. Ukishamjua usiniandikie jina lake, mana barua hizi wanasoma wengi.