Maswali na Majibu: Kumwaga Vifaranga Si Kuongeza Samaki

Barua nyingi za safari hii ni za vifaranga: wapi vinapatikana, vimwagwe mto gani, vitakua lini. Nimechagua chache. Wale waliouliza niliyokwisha kuyajibu wasinune wakiona nimekata maneno.

Nasikia Marekani na Ulaya humwaga mamilioni ya vifaranga vya samoni mitoni, na bado samoni wa asili wanapungua. Utaongezaje samaki halafu wapungue? (Msomaji, Chake Chake)

Hili nimelitanguliza kwa sababu likieleweka, nusu ya barua nyengine zinajijibu.

Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kuzaa katika mto ule ule, akiufuata kwa harufu ya maji yake. Kwa hivyo kila mto una ukoo wake. Wa mto mfupi wenye maji ya kasi hawafanani na wa mto mrefu uliotulia: wanapishana msimu wa kupanda, wakati wa mayai kuanguliwa, umbo, hata maradhi wanayoyastahimili. Kuchujana huko kumechukua maelfu ya miaka, na aliyeshindwa hakuacha mtoto.

Sasa njoo kituo cha kutotolesha. Kifaranga analelewa kwenye tangi, chakula kinarushwa kutoka juu, adui hamjui. Anayenawiri humo ni mlafi asiyeogopa kivuli, maana kivuli kwake ni mtu wa chakula. Mtoni kivuli ni ndege. Wengi huliwa mapema, lakini kabla ya kuliwa wameshagombania chakula na mahali pa kujificha na wenyeji wao. Wachache wanaopona hupandana na wa asili, na hapo ndipo hasara inapoingia kwenye damu. Utafiti wa mto Hood, jimbo la Oregon, uliochapishwa 2007, ulifuatilia stilihedi, jamaa wa karibu wa samoni, na kukuta uwezo wao wa kuacha watoto ukishuka kwa kiasi cha asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Soma tena: kwa kila kizazi.

Kuna na maradhi. Miaka ya 1970 Norway iliingiza vifaranga kutoka vituo vya Sweden. Vilikuja na mnyoo mdogo wa ngozi uitwao Gyrodactylus salaris. Samoni wa Bahari ya Baltiki, upande wa Sweden, wameuzoea; wa Norway hawakuwa wameuona, wakafa mto baada ya mto, mito kama 50 kwa jumla. Dawa iliyotumika zaidi ni kutia sumu ya rotenoni na kuua kila samaki mtoni, kisha kuanza upya na mbegu iliyohifadhiwa.

Na hili hukuniuliza, lakini ndilo linalonikera kuliko yote. Vifaranga vikishamwagwa, hesabu hupendeza. Wakubwa wanaona samaki tele, wanaruhusu nyavu zaidi, na wavu haujui nani wa tangi na nani wa mto. Wakati huo bwawa la umeme lililoziba njia liko pale pale, na msitu wa kingo umeshakatwa. Jimbo la Montana lilithubutu kufanya kinyume: baada ya kuona katika mto Madison kwamba trauti wa mwitu, nao ni jamaa wa samoni, huongezeka pale umwagaji unaposimama, mwaka 1974 liliacha kupandikiza trauti katika mito yenye trauti wa mwitu. Waliobaki wakajaza mito wenyewe.

Samoni wanaouzwa kwenye hoteli zetu ni wa mwituni? (Msomaji, Nungwi)

Akiwa ni samoni wa Atlantiki, hesabu kuwa ni wa kufugwa kwenye vizimba.

Tuna kijito Mwera kimekosa samaki. Nataka kumwaga sato. Vifaranga nitapata wapi? (Msomaji, Unguja)

Hili linarudi kila mara na kila mara linakuja bila ya jambo la kwanza kufikiriwa: kijito kimekosa samaki kwa nini? Kama watu wanavua kwa chandarua cha mbu, sato wako atavuliwa kwa chandarua kile kile. Kama kinakauka kiangazi kwa sababu maji yamevutwa mashambani, sato hatakaa kwenye tope. Na kama hayo yakirekebishwa, perege waliokuwamo watarudi bila ya shilingi yako.

Sato ni perege wa Nile na baadhi ya maziwa ya Bara. Akiingia maji ya perege wa asili huwashinda ukubwa na uchokozi, na hupandana nao. Tayari watafiti wamekuta mahuluti wa sato na perege wa asili katika maji ya Bara, na hiyo ndiyo hadithi ya samoni niliyomweleza wa Chake, imebadilisha jina tu. Chimba bwawa, lizungushie ukingo usiofurika masika, ufuge humo kwa idhini ya Idara ya Uvuvi. Mtoni usimwage.

Mbona sangara ameleta fedha Mwanza? Nyinyi mnapinga kila kitu. (Msomaji, Wete)

Ameleta, sikatai. Viwanda vya minofu, ndege za kusafirisha, ajira. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walikuwa wanatoweka; aina zilizopotea zinakadiriwa kufika mia mbili. Ngege, perege wa asili wa ziwa hilo aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, alisukumwa na sato waliomwagwa miaka hiyo hiyo ya 1950, na nyavu zikammalizia. Sasa nenda kamuulize mama anayenunua mapanki ya sangara baada ya minofu kupelekwa Ulaya, halafu uniandikie tena.

Wapemba na Waunguja hatuna haja ya kwenda Mwanza kutafuta ushahidi. Miaka ya 1890 waliletwa kunguru kutoka India wasafishe taka za mji. Wameshamaliza?

Nimeambiwa vifaranga vya "dume tupu" havizai, kwa hivyo hata vikitoroka hakuna hatari. Kweli? (Msomaji, Kinyasini)

Aliyekwambia ni muuzaji. Vifaranga hivyo hulishwa homoni ili majike wageuke madume. Dume si tasa. Akitoroka hakosi jike: yuko mtoni, perege wa asili, anamngoja. Na "tupu" yenyewe haikamiliki. Majike wachache hubaki kila mara.

Jambo hili lina mkono wetu ndani yake, na wengi hawajui. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha utafiti Malacca, mtaalamu C. F. Hickling alipandisha dume wa perege wa Zanzibar na jike wa perege wa Msumbiji. Watoto wakatoka karibu wote madume, na ufugaji wa "dume tupu" ukapata moja ya njia zake za mwanzo. Nchi nyengine zilifaidi mbegu iliyotoka hapa. Sisi tunauliza wapi tutapata ya kuifuta.

Sheha wetu anataka kutia samaki wa kula mabuu ya mbu kwenye matangi na mabirika. Tukubali? (Msomaji, Mkoani)

Birika lisilotoa maji kwenda mtoni, kubalini, na wawe perege wa hapo hapo kijijini. Samaki wa pambo kutoka dukani, hapana.

Na kurudisha baharini majongoo waliozalishwa kituoni? Au nalo ni kosa? (Msomaji, Micheweni)

Si kosa lenyewe. Jongoo bahari wamevuliwa mpaka hawaonani. Wakikaa mbalimbali mbegu zao hazikutani majini, hawazai. Kuwasogeza karibu kuna maana. Lakini wazazi wavuliwe eneo lile lile watakaporudishwa, wawe wengi na si watano wanaotumika miaka nenda miaka rudi, na wakimwagwa pawe mahali panapolindwa. Msichukue wa Unguja mkawapeleka Pemba kwa kuwa tu jahazi lipo. Pemba imezungukwa na kina kirefu, na ni lazima vipimo vya ukoo vitangulie.

Dada mmoja wa Paje ameuliza kama mwani nao unaingia humu. Unaingia sana. Mbegu ya kulima ililetwa kutoka Ufilipino, kilimo cha biashara kikaanza hapa 1989, na umewasomesha watoto wengi, sithubutu kuubeza. Lakini utafiti uliochapishwa 2015 kutoka pwani zetu ulionyesha kuwa spinosumu, aina ya mwani unaolimwa, ile ya Asia imeshatawala hata kwenye vitanda vya mwani visivyolimwa, na ile ya Afrika Mashariki imekuwa adimu. Ndiyo tunayoihitaji sasa maji yanapozidi joto, kwa sababu ndiyo iliyozoea hapa.

Samoni anaweza kufugwa Zanzibar? (Msomaji, Jang'ombe)

Hapana. Anataka maji ya baridi, nyuzi 15 au chini yake, na bahari yetu haifiki huko hata wakati wa kipupwe. Akija mtu Darajani na ndoo ya vifaranga vyake, muulize amewaweka kwenye barafu gani, kisha funga mfuko wako. Fuga mwatiko.